Imba Kwanza: Namna ya Kusoma Muziki Chuoni Usizame Mwaka wa Kwanza

Nilipoingia chuo kusoma shahada ya muziki, solfa (do, re, mi) nilikuwa naisoma kama gazeti, lakini karatasi yenye mistari mitano ilinitoa jasho. Nimelelewa na kwaya, sauti ya besi, mstari wa nyuma. Wiki ya kwanza mwalimu aliweka noti kwenye piano akasema, "Soma." Nikasoma, kwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta gizani. Wenzangu waliopiga piano tangu utotoni waliniacha mbali. Mwezi wa pili hao hao wakanifuata niwasaidie imla ya muziki, lile somo ambalo mwalimu anapiga na nyinyi mnaandika mlichosikia. Vidole vyao vilijua mengi, masikio yao hayakuwa na habari.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: imba kila kitu. Hata kama ala yako ni ngoma, imba. Hakuna anayekutaka uwe na sauti tamu.

Anza na noti zenyewe. Kama umetoka kwenye solfa usiitupe, ivushe tu. Tazama alama zilizo mwanzoni mwa mstari. Zikiwa shapu (zinazopandisha noti nusu toni, hatua ndogo kabisa), ile ya mwisho kulia ndiyo ti, na do iko nusu toni juu yake. Zikiwa flati (zinazoshusha noti nusu toni), ya mwisho ndiyo fa, basi shuka: fa, mi, re, do. Mfano, shapu mbili ni F na C. C ndiyo ti, do ni D. Flati tatu ni B, E na A. A ndiyo fa, ukishuka unaikuta do kwenye E-flati. Wimbo ukiwa wa maina, ile ngazi yenye sauti ya huzuni, alama ni zile zile ila utaona unatua kwenye la. Mimi kila asubuhi nilichukua ukurasa wa wimbo nisioujua, nikaimba besi peke yake bila kugusa piano, kisha nikapiga noti ya mwisho kujihakiki. Mara nyingi nilikuwa nimeshuka. Nilirudia. Ilinichukua karibu muhula mzima kuacha kushuka.

Kwenye imla, kosa la wengi ni kuanza kuandika noti ya kwanza ikisikika tu. Ukifika ya nne, ya tisa imeshapita. Mara ya kwanza weka kalamu chini. Sikiliza mapigo ni matatu au manne, na wimbo umetua wapi. Mara ya pili chora mistari ya vipimo (inayogawa wimbo kwenye makundi ya mapigo) na uweke vidoti tu vya mdundo. Piano ikinyamaza, uimbe wimbo wote kichwani. Usipoweza kuuimba hutaweza kuuandika, unabahatisha. Noti zenyewe zije mwisho, ukianza na kipimo cha kwanza na cha mwisho, maana hivyo ndivyo vinavyokaa kichwani. Kama ni sauti nne, anza na besi. Besi ikikaa sawa, nusu ya kodi, yaani noti zinazosikika pamoja (si ile ya serikali), umeshazijua.

Sasa harmonia, somo la kupanga sauti zinazoimba pamoja, lililonifanya nichukie kalamu nyekundu. Kazi yangu ya kwanza ilirudi imejaa mistari miwili miwili ya mlalo: tano sambamba. Yaani sauti mbili zilizoachana kwa umbali wa tano (kama do hadi so) zinahama pamoja na kutua tena kwenye tano, hadi zinasikika kama sauti moja iliyonenepa. Mtego mkubwa uko pale unapotoka kodi ya fa kwenda kodi ya so. Besi inapanda fa hadi so, na sauti ya tena (tenor), kwa uvivu, inapanda nayo do hadi re. Tayari umenaswa. Dawa ni kwamba besi ikipanda, wengine wote washuke: do iende ti, la iende so, fa iende re. Andika hivyo, kisha imba kila sauti peke yake mwanzo hadi mwisho. Sauti isiyoimbika, inayorukaruka kama panzi, ina kosa hata kabla hujalitafuta. Nilipoanza kuimba alto zangu ndipo nilipogundua nilikuwa nawatesa watu wa alto bila kujua.

Utaambiwa pia kupanga muziki kwa ala. Mimi niliandika kipande kifupi cha klarineti na piano, nikampa klarineti noti zile zile nilizozisikia kichwani. Mazoezi ya kwanza tulisikika kama watu wawili walioingia kwenye wimbo kwa milango tofauti. Klarineti ya B-flati hutoa sauti toni moja chini ya ilichoandikiwa, kwa hiyo ukitaka isikike C uandike D. Mpigaji alicheka mpaka akaishusha klarineti mapajani.

Mazoezi ya ala yako ndiyo yatakayokula muda. Kukaa saa nne kwenye chumba cha mazoezi si kitu cha kujisifia. Niliwahi kukaa saa nne na nikatoka na kosa lile lile, ila sasa limekomaa. Chukua vipimo vinne, si ukurasa. Viimbe kwanza. Kisha vipige kwa mwendo wa polepole ambao huwezi kukosea, mara tano mfululizo, ndipo uongeze kidogo mwendo wa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo). Kipande kirefu kifanyie kazi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, la sivyo utakuwa na mwanzo mzuri na mwisho wa kukimbilia mlangoni. Jirekodi mara moja kwa wiki. Inauma kusikiliza, lakini sikiliza.

Na ukisikia maumivu, acha. Mwaka wa pili nilikuwa na maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia, nikajikaza kwa sababu mtihani wa kupiga mbele ya majaji ulikuwa karibu. Nilikaa wiki sita bila kugusa piano. Wiki hizo nilisoma noti kitandani nikiziimba, na hapo ndipo nilipohifadhi kipande changu kirefu kuliko vyote.

Historia ya muziki sitakuchosha nayo. Sikiliza ukiwa na noti mkononi, na kwenye insha usiandike kwamba muziki "unagusa moyo". Andika ni kipimo cha ngapi, ala gani inaingia, kodi gani inageuka.

Waimbaji na wapiga ala za upepo, nina lalamiko nanyi kama mtu aliyewasindikiza kwa piano miaka mitatu. Msituletee noti siku mbili kabla ya onyesho, zikiwa nakala zilizokatwa mstari wa chini, ule ambao ndio mkono wangu wa kushoto. Leteni wiki tatu kabla, mmeonyesha mnapovuta pumzi na mnaporuka kurasa.

Kabla ya onyesho la mwisho wa mwaka, piga programu nzima mbele ya marafiki angalau mara tatu, bila kusimama hata ukikosea, na uvae viatu utakavyovaa siku yenyewe. Mpiga piano atakuelewa: pedali chini ya soli ngumu ni pedali nyingine kabisa. Siku ikifika, ukiketi usiguse kwanza. Tafuta kichwani ile sehemu ngumu kuliko zote, iimbe kimoyomoyo kwa mwendo unaoumudu, na uanze wimbo kwa mwendo huo huo.