Somo: palizi ya karanga zilizochanganywa na mtama

Mvua za Desemba zikishika Dodoma na Singida, mtama, karanga na magugu huota kwa pamoja. Wengi tunawahi kupanda, tunachelewa kupalilia. Karanga hazisubiri.

Hatua ya 1. Panda kwa mistari. Mstari wa mtama hadi mwingine sm 150, katikati weka mistari miwili ya karanga kwa nafasi ya sm 50, mbegu kila sm 10. Karanga zikisongamana hufunika ardhi mapema na magugu hukosa mwanga. Mapengo pia huwavutia vidukari wanaoeneza rozeti, ugonjwa wa karanga, kwa hiyo rudishia mbegu haraka.

Hatua ya 2. Palizi ya kwanza ni wiki ya pili au ya tatu tangu kupanda. Parua juu juu, jua likiwa kali, magugu yakauke.

Hatua ya 3. Palizi ya pili ni wiki ya nne au ya tano, kabla maua ya njano hayajatapakaa.

Hatua ya 4. Weka jembe chini! Ua likishachavuka hutoa kikonyo kinachoshuka na kuchoma udongo, na ncha yake ndiyo inayokuwa karanga. Kila kikonyo unachokata ni ganda ulilopoteza. Magugu yaliyobaki yang'oe kwa mkono, taratibu.

MASWALI

Mkuu, dawa ya magugu ya mahindi haifai hapa?
Haifai. Atrazini na 2,4-D zitaunguza karanga, kwa kuwa nazo ni mmea wa majani mapana. Dawa za kuua nyasi ndani ya karanga nazo zitaua mtama, maana mtama ni jamii ya nyasi. Mazao yakishaota pamoja, tegemea jembe na mkono.

Mtama wangu una kiduha. Karanga zitadhurika?
Hapana, kiduha ni gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. King'oe kabla hakijachanua, kwani mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu zinazokaa ardhini zaidi ya miaka 10. Msimu ujao tafuta mtama wa Hakika au Wahi, aina zilizotolewa nchini mwaka 2002 kwa ajili ya maeneo yenye kiduha.

Mama aliniambia nipandishie udongo mashina ya karanga. Ni sawa?
Dada, udongo usifike kwenye matawi. Ukiyafukia, maua ya chini yanazikwa na shina linaoza. Pandishia mtama tu, upande usio na karanga.