Bia za Ubelgiji huonjwa mbilimbili

Ukitaka kuzijua bia za Ubelgiji, usianze na moja. Fungua mbili, ziweke bega kwa bega, nusa hii, nusa ile, kisha ndipo uonje. Ukinywa moja peke yake utasema "tamu" au "kali" na maneno yatakuwa yamekwisha. Zikiwa mbili, pua yenyewe inaanza kuuliza: mbona hii ina karafuu na ile haina? Huu uchachu umetoka wapi? Swali hilo la mwisho ndilo kazi yote. Harufu na ladha nyingi za bia hutoka sehemu nne: kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa), hopsi (maua machungu ya mmea unaotambaa), hamira, na muda bia iliokaa kwenye pipa au chupa. Kila unachokisikia mdomoni, kitafutie kwao.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, naishi Antwerp, nahudumu kwenye baa yenye chupa za kila aina. Ndugu na marafiki wakija kutembea, Wachaga wenzangu, Wakenya, Wakongo wa Matonge kule Brussels, wote wanataka waonyeshwe hizo bia za watawa. Hivi ndivyo ninavyowaonyesha.

Kwanza nguvu zake. Chupa ya Rochefort 10 ni ya sentilita 33 tu, lakini pombe yake ni asilimia 11.3. Piga hesabu: hiyo inazidi chupa moja na nusu ya Kilimanjaro ya nusu lita. Mgeni anaona kichupa, anakishusha kama soda, na jioni yote imeharibika. Kwa hiyo chupa moja igawanywe watu wanne, kila mtu sentilita nane hivi, na bia nne zinatosha jioni moja. Weka mezani jagi la maji na mkate mweupe usio na siagi. Atakayeendesha gari anuse tu, maana kunusa ni nusu ya elimu hii.

Nyumbani mhudumu hukuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Kwa bia hizi jibu liko katikati. Bia kali iliyotoka kwenye friji sasa hivi haina harufu, baridi imeifunga. Itoe robo saa mpaka nusu saa kabla. Nyuzi 10 hadi 12 zinaifaa bia kali ya rangi ya dhahabu, na zile nyeusi zikifika 14 sioni ubaya wowote. Glasi ya divai yenye tumbo pana na mdomo uliobana inatosha kabisa, ingawa hapa kila kiwanda kina glasi yake na Wabelgiji wanalishika jambo hilo kama dini. Isuuze vizuri kwa maji baridi, kwa sababu sabuni iliyobaki na mafuta ya midomo huua povu. Pafyumu, sigara, kahawa na pilipili vingoje.

Nyingi ya chupa hizi zina hamira hai iliyotuama chini. Isimamishe chupa tangu jana yake. Inamisha glasi, mimina polepole bila kukatiza, na acha kiasi cha kidole kimoja chini ya chupa. Kile kilichobaki usikimwage: kitikise, kimimine kwenye glasi ndogo pembeni, ukionje mwisho. Utasikia mkate mbichi na uzito ambao bia safi haina. Hapo umeionja hamira yenyewe.

Duvel na Westmalle Tripel

Naanza na hizi kwa sababu mgeni akizitazama anaona bia moja. Zote zina rangi ya dhahabu, zote zina povu jeupe, na zote ni kali: Duvel asilimia 8.5, Westmalle Tripel 9.5.

Mimina Duvel kwanza. Povu lake hupanda kama maziwa yanayochemka, kwa hiyo glasi iwe kubwa na mkono uwe mpole. Likitulia, ingiza pua ndani ya glasi, vuta pumzi fupifupi mara mbili tatu, toa pua. Hamia kwenye Westmalle, fanya vilevile. Rudi kwenye Duvel. Usiseme kitu bado, andika. Mtu wa kwanza kusema "ndizi" mezani amewafanya wote wasikie ndizi, hata wale ambao pua zao zilikuwa zinaelekea kwingine.

Duvel itakupa peasi, tufaha bichi na majani ya hopsi. Westmalle itakupa ndizi mbivu, ganda la chungwa, na nyuma yake kitu kama karafuu. Sasa onja. Tembeza ulimini, meza, halafu funga mdomo utoe pumzi kwa pua. Harufu inarudi kwa njia ya nyuma, na mara nyingi hapo ndipo unapopata kile ulichokikosa mwanzo. Usiteme kama waonja divai, maana uchungu wa bia hukamilika baada ya kumeza. Duvel ina gesi nyingi, ni kavu, inakatika haraka. Westmalle imejaa zaidi, ina uasali kidogo, kisha uchungu unakaa.

Zimetoka wapi? Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Hamira inapochachusha hutengeneza kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na nyingine inayonukia kama karafuu. Na huo ukali usio na uzito umetokana na sukari: wapishi huongeza sukari, hamira huila na kuigeuza pombe, mwili wa bia unabaki mwepesi. Watawa wa Westmalle walitoa Tripel yao mwaka 1934, na mapishi yake hayajabadilika sana tangu 1956. Tripel nyingi utakazokutana nazo duniani zimeiga hiyo.

Ukipenda ongeza glasi ya Hoegaarden, asilimia 4.9. Hiyo ni bia ya ngano ambayo Pierre Celis aliifufua miaka ya 1960 baada ya aina hiyo kufa kijijini kwao, na ndani yake wametia giligilani na ganda la chungwa kweli. Ionje kabla ya zile mbili, kisha linganisha kiungo kilichotiwa sufuriani na harufu iliyozaliwa na hamira. Ukishaipata tofauti hiyo, hutaipoteza.

Weusi usikutishe

Wageni wangu wengi huikimbia bia nyeusi kwa sababu wanaikumbuka Guinness. Basi mimi naiweka Guinness hapohapo mezani, kidogo tu, karibu na Westmalle Dubbel ya asilimia 7 na Rochefort 8 ya asilimia 9.2. Weusi wa Guinness umetokana na shayiri iliyokaangwa, ndiyo maana inakupa kahawa na ukali wa kuungua. Rangi ya zile mbili hutokana kwa sehemu kubwa na kimea cheusi kiasi na sukari iliyopikwa ikaiva. Hapo utasikia sukari guru, zabibu kavu, tende. Kaka mmoja wa Bukavu aliinusa Rochefort muda mrefu, akaniambia, "Dada, hii ni keki ya Noeli." Nikampa Dubbel, akanusa, akasema, "Hii nayo ni ndizi iliyoiva ikaanza kuwa nyeusi." Sikuwa na la kuongeza.

Hapa pia ndipo pa kuangalia lebo. Alama ya pembe sita ya Trapisti, shirika la hao watawa, hupewa bia iliyopikwa ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa, na mapato yake yakaenda kwenye maisha yao na misaada. Kwa Ubelgiji zimebaki tano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval. Achel ilipoteza alama hiyo mwaka 2021 kwa kuwa hapakuwa na watawa tena wanaoishi pale. Bia nyingi nyingine hubeba jina la abasia, yaani monasteri, tu, na Leffe ni mfano maarufu. Nyingine kati yake ni nzuri, lakini bei yake isipande kwa ajili ya picha ya mtawa.

Za uchachu, siku yake peke yake

Gueuze, bia chachu ya Brussels, usiiweke meza moja na tripel, maana baada yake ulimi hausikii kingine. Itengee siku.

Hii ndiyo bia ambayo watu wa nyumbani huielewa upesi kuliko Wazungu wageni. Bia ya lambiki hupikwa Brussels na vijiji vya bonde la Senne katika miezi ya baridi. Ikishachemka humwagwa kwenye beseni pana lisilo na kina, huachwa wazi usiku kucha, na vijidudu vilivyomo hewani na katika mapipa ndivyo vinavyoichachusha. Huingizwa kwenye mapipa ya mbao, halafu ya mwaka mmoja, miwili na mitatu huchanganywa na kutiwa chupani: hiyo ndiyo gueuze. Ukifika Brussels nenda Cantillon, mtaa wa Anderlecht, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900, ambako wageni wanaruhusiwa kuliona beseni na mapipa. Mimi nilipoingia nilinusa jikoni kwa bibi yangu siku za mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi. Mbege nayo haikununuliwa hamira, na uchungu wake ulitoka kwenye gome la msesewe kama huku unavyotoka kwenye hopsi.

Jozi yake: Oude Gueuze ya Boon, na Kriek ya Lindemans. Neno "Oude" kwenye lebo linakuhakikishia njia ya zamani bila kuongezwa utamu. Gueuze itakupa ndimu, ukwaju, ganda la zabibu na vumbi la ghala, nayo ni kavu hadi mwisho. Ile Kriek ni ya cheri na imetiwa utamu, wengi huifurahia mara moja. Mwache mgeni aifurahie, kisha siku nyingine mpe Oude Kriek, aone cheri bila sukari ilivyo.

Uchachu huohuo ukiukuta kwenye Tripel, bia imeharibika. Harufu ya boksi lililolowa ni bia iliyochoka. Ya mahindi ya kuchemsha au ya siagi ni kasoro ya upishi. Ile ya kunuka kama kicheche aliyekasirika imeletwa na mwanga, hasa chupa ikiwa ya kijani au nyeupe na imekaa dirishani kwa muuzaji. Chupa za kahawia zinalindwa zaidi.

Jaribu la glasi tatu

Ukitaka kujua kama kweli unasikia tofauti, mwombe mtu amimine glasi tatu ukiwa chumba kingine: mbili bia moja, ya tatu bia nyingine. Kazi yako ni kuitaja ile iliyo tofauti. Tumia bia zinazofanana rangi, au zima taa. Bahati peke yake itakupa jibu mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia kabla ya kujisifu. Naipenda njia hii kwa sababu inawapa nafasi watu wanyamavu. Mara nyingi anayepatia ni yule shangazi aliyesema hajui bia, na yule aliyekuwa akihutubia meza nzima anabaki anahesabu vidole.

Jaribu hili linafaa hasa kwa bia za viwanda vidogo, zile za krafti, kwa kuwa nyingi husimama juu ya hopsi na lebo zake ni za kelele. Chukua Taras Boulba ya Brasserie de la Senne, Brussels, asilimia 4.5 tu, uiweke na IPA, aina ya bia yenye hopsi nyingi, yoyote iliyotiwa hopsi za Marekani. IPA itakujia na embe, pasheni na balungi. Taras Boulba ni ndimu, majani na uchungu safi, na unaweza kuinywa glasi nzima bila kuchoka. Kwangu mimi hiyo inashinda, nami nitasimama nalo. Ila angalia tarehe: bia ya hopsi inunuliwe mpya inywewe mpya, maana harufu ile hukimbia ndani ya miezi michache.

Jozi ya kungoja

Orval ni bia ya kujilinganisha na yenyewe. Ina asilimia 6.2, na inapotiwa chupani huongezewa Brettanomyces, hamira ya mwituni inayoendelea kufanya kazi polepole kwa miaka. Ikiwa mpya ina hopsi nyingi, chungwa na uchungu ulionyooka. Ikikaa mwaka na zaidi uchungu unalegea, utamu wote unaliwa, inakuja harufu ya ngozi na zizi, na inakauka kabisa. Watu hugawanyika vibaya juu ya ipi ni bora. Mimi ni wa ile ya miezi minane hadi kumi, ambapo chungwa halijaondoka na zizi limeshapiga hodi.

Tarehe ya kujazwa imeandikwa kwenye lebo. Nunua sita, kunywa moja wiki hiyohiyo na uandike ulichosikia, nyingine zisimamishe mahali penye giza na nyuzi 10 hadi 15. Baada ya mwaka nunua moja mpya, ifungue pamoja na ya zamani, na uweke karatasi yako ya mwaka jana mezani. Ukiwa Dar au Mombasa kabati la jikoni lina joto mno, zitachoka kabla hazijakomaa. Ziweke chini kabisa ya friji, ambako zitakwenda polepole, na uzipe miezi sita zaidi.