Ukitengwa kwa TB: namna ya kukaa na Mungu na kuendelea kupenda watu ukiwa chumbani peke yako

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye leo hii ameambiwa lala chumba chako peke yako, vaa barakoa, watoto wasikusogelee kwanza. Mi niliambiwa hivo nikiwa nimepanga hapa Mwanza, kikohozi kilikua kimeshaingia wiki ya tano na nimeshakunywa kila dawa ya kikohozi ya dukani, nikapima makohozi majibu yakaja ni TB. Nesi alinielekeza vizuri kabisa, dozi ni miezi 6, dawa ni bure, miezi 2 ya kwanza unameza dawa nyingi zaidi, na ukimeza bila kuruka wengi wanaacha kuambukiza baada ya kama wiki 2 hivi ila nisijiruhusu mwenyewe, nisubiri wao waseme. Akaniambia hata mkojo utabadilika rangi uwe kama machungwa nisishtuke. Yote nikayaelewa. Ila saa nane ya usiku hakuna aliyeniambia ikoje, umelala macho, wapangaji wa upande wa pili wa ukuta wanacheka, na we siku ya tisa hakuna mkono wa mtu umekugusa, mwanao yuko kwa bibi yake na simu imeisha bando. Hiyo ndo nataka tuongelee.

Anza na chakula na usingizi. Najua mtu wa sala ukimwambia hivi anaona kama unamshusha kiroho lakini soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia peke yake jangwani, amekaa chini ya mti wa mretemu anamwomba Mungu afe, na malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria hata kidogo, alimgusa akamwambia inuka ule, pale kichwani pana mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile, ule, safari ni kubwa. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayoipenda kuihubiri ilikuja baadaye sana, Eliya ameshakula na ametembea siku 40 mpaka Horebu. Kwa hiyo we ambaye mwili umeisha, kula kwanza. Uji wa asubuhi, dagaa, maharage, yai likipatikana. Usijiwekee mfungo sasa hivi. Na mtu yeyote, hata awe na upako wa namna gani, akikwambia acha dawa uombewe, mjibu kwa heshima kwamba utaombewa na dawa utameza. Kwenye hili mi sitanii, kuacha dozi katikati kunaweza kuifanya TB iwe sugu na atakayeumia sio we peke yako.

Ukishakula tafuta sehemu moja ya kukaa na Mungu, na isiwe kitandani. Kitandani ndo unapokoholea, unapolilia, unapopekua simu mpaka macho yanauma, ukisalia pale pale sala nayo inageuka kua ugonjwa. Mi nilivuta kiti cha plastiki mpaka dirishani. Dirisha nilitakiwa kuliacha wazi mda wote kwa sababu hewa ikizunguka na mwanga ukiingia wadudu wa TB hawakai kwenye chumba, basi nikaona dirisha hilo hilo liwe kanisa langu. Nje kuna kamba ya kuanikia nguo na nyuma yake mawe makubwa ya kilimani kama unavyoyajua ya Mwanza, hakuna kingine. Yesu alisema ukisali ingia chumba chako cha ndani ufunge mlango usali kwa Baba aliye sirini, Mathayo 6:6, na nilivyousoma mstari ule nimekaa pale, kwa mara ya kwanza sikuuona kama amri, niliuona kama anwani, yani Baba yuko humu ndani tayari ananisubiri.

Alafu weka saa. Usiseme ntasali nikijisikia, manake hutajisikia. Sisi Wakatoliki tuna Malaika wa Bwana, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, na kama unakaa karibu na parokia kengele inakukumbusha. Ni sala fupi, dakika tatu haziishi. Kama we ni Mlutheri au Mwanglikana au Mpentekoste chagua zaburi tatu ziwe za saa hizo hizo. Uzuri wa saa ni kwamba siku inapata nguzo, bila hivo asubuhi na jioni zinafanana na ukifika wiki ya pili hujui leo ni Jumanne au Alhamisi. Jumapili nilikua nasikiliza Misa ya Redio Maria kwenye simu ndogo, nimevaa nguo ya kanisani kabisa na nimechana nywele, na mda wa komunyo nasali komunyo ya tamaa, yani unamwomba Yesu aje moyoni wakati huwezi kumpokea kwenye hostia. Vaa kabisa, usibaki na khanga ya kulalia. Sijui nieleze vipi ila ile kuvaa iliniambia kwamba bado nina mahali ninapotarajiwa.

Sasa kuna siku hutamsikia Mungu. Nakwambia mapema usije ukadhani umekosea hatua. Mi wiki ya kwanza yote nilikua nasema maneno tu, dawa zinanichafua tumbo, viungo vinauma, nikisema Baba Yetu nafika katikati najikuta nawaza kodi ya chumba. Ikifika hivo chukua Zaburi 13, inaanza na kuuliza Ee Bwana hata lini, au Zaburi 88 ambayo inaisha gizani kabisa haina hata mstari wa kufariji mwishoni, na bado imewekwa kwenye Biblia. Kumbe kulalamika mbele za Mungu nako ni kukaa naye. Unamlalamikia mtu ambaye unaamini yupo.

Aliyenisaidia zaidi hapa ni Kardinali Văn Thuận wa Vietnam. Alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akiwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon, yani aliyewekwa kumrithi askofu mkuu wa pale, akakaa kifungoni miaka 13, na katika hiyo 9 alikua ametengwa peke yake. Watu wanapenda kusimulia alivyokua anaadhimisha Misa kwa siri, aliomba kutoka nyumbani divai kama dawa ya tumbo, wakamtumia kwenye kichupa kilichoandikwa dawa, na kila siku akawa anaweka matone matatu ya divai na tone moja la maji kwenye kiganja cha mkono wake, kiganja ndo kalisi, kikombe cha Misa, na ndo altare. Ni jambo la kutoa machozi. Lakini mi lililonishika ni mengine mawili. La kwanza, yeye mwenyewe alisimulia kwamba kuna vipindi alishindwa hata kusali, mwili na akili vimechoka mno. Askofu! Basi na mimi nikajisamehe. La pili ni kwamba aliamua kutosubiri kufunguliwa ndo aanze kuishi, akasema ataishi saa aliyonayo na kuijaza upendo, na upendo huo aliuanza kwa watu waliokuwepo, ambao ni walinzi wake. Walikua wamekatazwa kuongea naye, wanajibu ndio na hapana basi. Akawasimulia habari za nchi alizotembea, akawafundisha lugha, mpaka wakuu wakaacha kuwabadilisha walinzi kwa kuona kila anayepelekwa anageuka rafiki.

Hapo ndo nilipata dawa yangu kiukweli. Mi nilikua nimekaa nasubiri kupendwa, nahesabu nani amepiga na nani hajapiga. Kila nikihesabu Mungu anakua mbali zaidi. Siku niliyoanza kutafuta nani nimpende kutoka hapo kwenye kiti cha plastiki, ndo siku chumba kilipanuka.

Na upendo wa kwanza kwa mgonjwa wa TB una uchungu wake, ni kutaja majina. Nesi atakuuliza unaishi na nani, unasali na nani, unakaa na nani chumba kimoja mda mrefu, ili wapimwe na watoto wadogo wapewe dawa ya kinga. Aibu itakwambia ficha. Mi nilitaja watu wa nyumbani, nikamficha rafiki yangu mmoja tunayeuza naye genge kwa sababu nilijua ataongea mtaani. Usiku huo nikasali rozari nzima na haikupanda popote. Asubuhi nikampigia nesi nikamtaja, alafu nikampigia na rafiki mwenyewe, mikono inatetemeka, nikamwambia nenda kapime, nimeugua na tumekaa wote. Alinyamaza. Kweli baadaye aliongea mtaani, lakini alienda kupima na alikua mzima, na mi nikapata kusali tena. Kama leo kuna jina umelimeza, anza na hilo kabla hujaendelea kusoma.

Barakoa nayo ni hivo hivo, ibadilishie maana. Ukiivaa kama alama ya aibu itakuchoma uso, ukiivaa kama zawadi unayompa anayekuletea maji utaivaa bila kukumbushwa. Kukohoa kwenye kitambaa na kukaa mbali kidogo mnapoongea, huko ni kupenda jirani kwa vitendo kabisa, na kwa kipindi hicho labda ndo upendo mkubwa kuliko wote ulio nao.

Vidonge je? Mi uzito wangu ulikua wa vidonge vitatu kila asubuhi. Navipanga kwenye kisahani, vyekundu kama udongo wa kichuguu, na kila kimoja nakipa jina la mtu kabla sijakimeza. Cha kwanza siku zote cha mwanangu. Cha pili mtu ambaye nimesikia ana shida, nikikosa naokota jina kwenye simu. Cha tatu ni cha mtu niliyemkasirikia, na hiki ndo kilikua kinakwama kooni, kuna mama mmoja wa hapa hapa uani alihamisha ndoo zake bombani aliponiona natoka kuchota, nilimmeza siku 11 mfululizo kabla sijaweza kusema jina lake bila kuumia. Siwezi kusema nilimpenda. Nilichoweza ni kuacha kumtakia mabaya, na Mungu nadhani alipokea hicho.

Simu pia ni chombo, ila itumie kidogo. Kila siku mtu mmoja tu, umuulize swali moja la maisha yake, alafu usikilize bila kurudisha maongezi kwenye ugonjwa wako. Mtoto amepona masikio? Mahindi mmeshapalilia? Watu wanaogopa kumpigia mgonjwa kwa sababu hawajui waseme nini, we ukianza kuuliza habari zao wanapumua. Na mwanao usimdanganye kwamba umesafiri. Mwambie mama anaumwa, anameza dawa, na tarehe fulani tutaongea na nesi tuone. Wangu tulikua tunasali wote kwenye simu usiku, yeye anaanzisha na mi naitikia, anakosea maneno na sikumsahihisha hata mara moja.

Na jifunze kupokea. Kuna mpangaji mwenzangu, mama wa makamo, Mwislamu, hatukuwahi kua na mazoea zaidi ya salamu. Kuanzia siku ya tatu kila saa mbili asubuhi nasikia mlango unagongwa mara mbili. Nikifungua nakuta kikombe cha bati cha uji wa ulezi juu ya stuli, kimefunikwa na kisahani, na yeye amesharudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo. Alikua anaogopa, nilimwona, leso ameishika mdomoni. Lakini haondoki. Anasimama pale mpaka aone nimenyanyua kikombe na nimekunywa funda la kwanza ndo anasema haya mwanangu, anaenda zake. Nimesoma mara nyingi Marko 1 pale Yesu anaponyoosha mkono na kumgusa mwenye ukoma, na mi sikuguswa, kulikua na hatua sita kati yetu, lakini asubuhi zile sikuwa na shaka hata kidogo nani amesimama pale kwenye kamba. Kwa hiyo mtu akikuletea kitu kwa woga usimhukumu kwa woga wake. Kinywe mbele yake, mshukuru kwa sauti asikie.

Ukiruhusiwa kutoka, na ni wao watakaokuruhusu, ujue watu hawatarudi siku hiyo hiyo. Jumuiya yetu inasali Jumamosi alfajiri nyumba kwa nyumba, nilivyorudi nikakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, benchi lote likabaki langu. Usilazimishe, na usikasirike ukaacha kwenda. Wasalimie kwa kichwa, imba taratibu, ukitoa sadaka toa kama zamani, na dawa endelea kumeza manake miezi bado ipo. Wiki ya pili mama mmoja akakaa na mi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Wiki ya tatu mwenyekiti akanipa Biblia nisome somo la kwanza.