Kutafuta Hitilafu ya Chaji kwenye Mitsubishi Canter ya Zamani ya Volti 24

Lori linapogoma kuwaka asubuhi, altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) ndiyo hushukiwa kwanza. Hufunguliwa na kupelekwa kusukwa upya, au hununuliwa nyingine iliyotumika, kisha baada ya siku chache betri zinalala tena kwa sababu hitilafu ilikuwa mahali pengine. Ninawasihi madereva na mafundi wenzangu wapime kabla ya kushika spana. Maltimita ya kawaida (kipimo cha umeme), brashi ya waya na haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri) vinatosha.

Hatua ya 1: Pima kila betri peke yake

Canter ya volti 24 hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Lori likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, na inayosoma 12.0 imekaribia kwisha. Usiridhike na kipimo cha jumla, kwani betri moja yenye 12.8 na nyingine yenye 11.9 hutoa 24.7, namba ambayo haimshtui mtu ingawa betri ya pili iko hoi.

Tofauti kubwa kati ya betri mbili za umri mmoja mara nyingi husababishwa na waya wa redio au wa chaja ya simu uliochomekwa katikati yake ili kupata volti 12. Betri iliyoungwa na bodi hutumika zaidi ya mwenzake, lakini mkondo wa chaji unaopita katika zote mbili ni uleule. Kwa hiyo betri hiyo ya bodi haijai kamwe, na nyingine hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kupungua. Hakuna altaneta inayoweza kuponya hali hiyo. Ondoa waya huo, funga kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, kisha chaji kila betri peke yake. Haidromita ikionyesha chini ya 1.20 katika seli moja (chumba kimoja cha betri) huku nyingine zikiwa karibu na 1.27 baada ya chaji kamili, betri hiyo imekufa. Nunua mbili kwa pamoja, za ukubwa mmoja.

Hatua ya 2: Mkanda

Mkanda uliolegea, uliong'aa pembeni au uliolowa oili huteleza hasa taa zinapowashwa. Kaza au badilisha, kisha uendelee.

Hatua ya 3: Pima injini ikiwa inazunguka

Ongeza mwendo wa injini kidogo, kisha pima kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Kipimo cha volti 27.5 hadi 28.5 ni kizuri. Kikibaki chini ya 26, chaji haifiki; kikipanda kupita 29.5, regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za altaneta) imeshindwa na betri zitaungua. Usichomoe kichwa cha betri (kibano cha waya) injini ikizunguka ili kujaribu altaneta. Najua desturi hiyo imeenea, lakini volti hupanda ghafla na kuua regyuleta na dayodi (vipande vinavyogeuza umeme wa AC wa altaneta kuwa DC) zilizokuwa nzima.

Hatua ya 4: Tafuta volti zinazopotea njiani

Washa taa kubwa, injini ikiendelea kuzunguka. Weka ncha moja ya maltimita kwenye skrubu kubwa ya altaneta, iliyoandikwa B, na nyingine kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, wala si kwenye kichwa kilichoifunga. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna kutu au waya uliochoka. Rudia kati ya nguzo hasi na ganda la altaneta, ambako hata volti 0.3 ni nyingi. Ukinzani wa omu 0.05 tu, mkondo ukiwa ampea 30, hula volti 1.5, na kutu kidogo chini ya waya wa bodi inatosha kuuleta. Sugua hadi chuma king'ae.

Hatua ya 5: Taa ya chaji

Ufunguo ukiwashwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo lazima iwake. Ikiwa haiwaki, kagua balbu, fyuzi na plagi ya nyaya ndogo nyuma ya altaneta, kwa kuwa bila mkondo wa kuamsha sumaku ya ndani, altaneta nzima kabisa inaweza kuzunguka bila kuzalisha chochote.

Hatua ya 6: Altaneta yenyewe

Ikiwa hatua zote zilizotangulia hazikuonyesha kasoro, sasa angalia nyuma ya altaneta. Katika Canter nyingi pampu ya vakyumu ya breki imefungwa hapo, na sili yake ikichoka oili huingia ndani na kulowesha kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye sumaku inayozunguka). Kubadilisha kaboni bila kubadilisha sili ni kutupa pesa. Kwa dayodi, weka maltimita kwenye volti za AC huku injini ikizunguka: zaidi ya volti 0.5 kwenye betri hudokeza kuwa dayodi imekufa. Dayodi inayovuja pia hunyonya betri usiku, lori likiwa limezimwa.

Kabla ya kufungua waya wa B, toa kwanza kichwa hasi cha betri, kwa sababu waya huo una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa bodi huweza kuyeyuka mkononi.