Kubuni Mgahawa wa Chai Kwenye Kiwanja Finyu Mjini Kampala

Tuchukue kiwanja cha upana wa mita 5 na urefu wa mita 15, kilichobanwa na kuta za majirani pande zote mbili, kama vilivyo vingi kule Kisenyi, mtaa wenye msongamano katikati ya Kampala. Ubunifu wake uanzie jikoni. Chai ya maziwa huchemshwa kutwa nzima, na joto, mvuke na moshi vikikosa njia ya kupanda, wateja hawatakaa hata viti viwe vizuri namna gani.

Chora mkato wa jengo, yaani mchoro unaolionyesha kana kwamba limekatwa wima toka paa hadi msingi, kabla ya ramani ya sakafu. Jiko likae nyuma, kisha kati yake na ukumbi uachwe ua wa wazi wa mita 3, ambao utaingiza mwanga na kutoa hewa ya moto. Madirisha kwenye ukuta wa mpaka usiyategemee, kwani jirani akijenga yatazibwa. Mwenye kiwanja atalalamika kwamba sehemu moja ya tano ya ardhi yake imepotea. Mkumbushe gharama ya kuwasha taa na feni mchana kutwa.

Kampala iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huelekea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini saa sita mchana huwa juu sana. Ukingo wa paa wa mita 1 hutia kivuli mita 2 hivi za ukuta wa pande hizo. Jua linalosumbua ni la jioni: mbele ya jengo ikitazama magharibi, jenga pazia la matofali yenye matundu, mathalani ya udongo wa Kajjansi, nje kidogo ya Kampala.

Mvua ya milimita 1 huleta lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 40 litamwaga lita 2,400, nazo zipelekwe kwenye tangi au mtaro, kamwe si kwa jirani. Maji ya jikoni yapitie kwanza shimo la kunasa mafuta.

Ukumbini, baraza za saruji za kukalia zenye kina cha sentimita 45 kandokando ya kuta huokoa nafasi kuliko viti.

Michoro ipelekwe KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji la Kampala, kabla ya kuchimba msingi, ikionyesha kimo cha bomba la moshi likilinganishwa na madirisha ya majirani.