SOMO: Kuchagua hendo za makabati ya jikoni zenye kupendeza na zisizokusumbua, kwa sisi wa Dar

Wakuu habari zenu. Naona watu wanamaliza nyumba, makabati yamepigwa vizuri kabisa, alafu kwenye hendo wanamwambia fundi achukue zozote atakazokuta Kariakoo. Inaniuma, maana hendo ndo inashikwa kutwa nzima, na kwa joto letu hili na unyevunyevu na chumvi ya bahari inaweza kuchubuka kabati lenyewe likiwa bado jipya. Twende taratibu.

Hatua ya 1: angalia unakaa wapi kabla ya kuangalia picha za mtandaoni. Ukiwa Msasani, Kunduchi au Kigamboni karibu na ufukwe, upepo unaingiza chumvi mpaka ndani, wa Kimara wana afadhali. Alafu maji. Visima vingi hapa mjini ni vya chumvi, tone likikauka linaacha doa jeupe, na hilo doa linaonekana zaidi kwenye nyeusi na kwenye kromi inayong'aa.

Hatua ya 2: jua kuna nini chini ya rangi. Hapa ndo penyewe. Hendo mbili zinafanana kabisa pale kaunta, moja ni stenlesi, nyingine ni chuma cha kawaida au zinki ya kumiminwa iliyopakwa rangi juu. Igeuze, chungulia mgongoni na kwenye tundu la skrubu, maana huko rangi mara nyingi haifiki vizuri. Nenda na sumaku ndogo, ikinata kwa nguvu hicho mara nyingi ni chuma cha kawaida, ila isiponata usishangilie bado, zinki, aluminiamu na brasi (shaba ya njano) nazo hazinati. Kwenye stenlesi uliza namba ya aina yake, kawaida ni 304 au 201. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na hiyo kromi ndo inatengeneza ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. 201 ina nikeli kidogo, bei yake chini, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwahiyo soma boksi na umbane muuzaji.

Ugonjwa unaanzia chini kwenye mguu wa hendo. Mtu anaosha vyombo, anafungua kabati la chini ya sinki na mkono mbichi, maji yanateremka yanajificha kati ya mguu na mbao, hayakauki. Ukiona wekundu pale, ni chuma au skrubu yake. Ukiona vipele na unga mweupe, mara nyingi ni zinki, na ikishafika hapo haina dawa, badilisha tu.

Hatua ya 3: sasa chagua muonekano. Silva ya kupigwa msasa, ile isiyong'aa, kwangu ndo namba moja kwa jiko la Dar, inaficha alama za vidole na mikwaruzo midogo. Kromi inang'aa vizuri ila kila kidole kinaonekana. Nyeusi mati, yaani isiyong'aa, inapendeza sana na makabati meupe au ya mbao, shida yake mafuta na chumvi ya maji. Gold ndo inatamba sa hivi, ila nyingi ni rangi tu juu ya zinki, ile ya PVD (rangi inayogandishwa kwa mvuke wa metali kiwandani) ni ngumu zaidi na bei yake inajionyesha. Brasi halisi isiyopakwa vanishi itageuka rangi, kama una moyo wa kuisugua kama wenzetu wa Zanzibar na njumu za milango yao, chukua, itaishi kuliko sisi.

Hatua ya 4: sio lazima jiko zima liwe aina moja. Chini ya sinki, droo za vijiko na karibu na jiko la gesi weka stenlesi, kabati za juu zinazofunguliwa mara moja moja ndo uweke hiyo gold unayoipenda. Aina mbili zinatosha.

Hatua ya 5: pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu. Za kawaida ni milimita 96, 128 na 160. Nunua na mbili tatu za akiba, ukirudi baadae hukuti zile zile.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nipo Kigamboni, maji ya kisima, na wife anataka nyeusi tu. Tufanyeje?
Jibu: Mwekee, ila tafuta nyeusi iliyopakwa juu ya stenlesi au aluminiamu, na kitambaa kikavu kikae karibu na sinki. Doa la chumvi ukilifuta mapema linatoka.

Swali: Dada wa kazi anasafishia Jik na stilwaya, kuna ubaya?
Jibu: Upo, tena mkubwa. Klorini ya Jik inakula hata stenlesi, stilwaya inakwangua rangi na inaacha vipande vya chuma vinavyoota kutu juu ya hendo nzima. Ndimu na siki pia hapana kwenye gold. Sabuni ya vyombo, maji, kitambaa laini, alafu kausha.

Swali: Nina za 96 nataka kuhamia 128, fundi anasema tunatoboa tundu jipya tu, ni sawa?
Jibu: Inawezekana ila tundu la zamani litabaki wazi kwenye mlango. Tafuta hendo yenye bamba refu nyuma la kufunika, au baki na 96, chaguo zipo nyingi.