Kabla hujaenda Bagan kuona shinbyu

Anza na kalenda, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea. Bagan, mji wa kale wa mahekalu ya Kibuddha huko Myanmar, hupendeza kutembelewa Novemba hadi Februari, kukiwa na kibaridi. Lakini shinbyu nyingi, yaani sherehe za kuwaingiza wavulana utawani, hufanyika Machi na Aprili shule zikifungwa, na joto wakati huo hugusa nyuzi 40.

Joto utalijulia miguuni. Kwenye kila hekalu unavua viatu na soksi, na matofali ya saa nane mchana yanaunguza kama kikaango. Toka alfajiri, vaa kandambili: mahekalu yaliyobaki yanazidi 2,000, nani atafunga na kufungua kamba za viatu siku nzima? Mabega na magoti yafunikwe. Mwenye kanga amemaliza kazi. Wanaume wanunue longyi hukohuko, ni ndugu yake kikoi, ila imeshonwa ikawa duara. Mwenye tatuu ya Buddha aifiche, hilo wenyeji hawalifanyii mzaha. Na usipande juu ya mahekalu kutafuta picha ya machweo. Ni marufuku, na tetemeko la Agosti 2016 liliharibu mamia ya majengo hayo.

Ukikutana na msafara, usishangae mvulana wa miaka minane aliyepakwa poda na rangi ya mdomo, juu ya farasi, chini ya mwavuli wa dhahabu. Anaigiza mwanamfalme Siddhartha, ambaye baadaye ndiye Buddha, akiliacha kasri la baba yake. Dada zake nao huenda wakatobolewa masikio siku hiyohiyo. Ni kama jando, ila hapa kinachokatwa ni nywele tu.

Kunyoa kwenyewe ndiko kwa kukuona kwa macho, simu ikiwa mfukoni. Wazazi hukinga kitambaa cheupe chini ya kidevu cha mtoto, nywele zisidondoke chini. Mtoto aliyekuwa mwanamfalme asubuhi anabaki na upara unaong'aa. Kisha anaomba majoho kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, alichokariri na kupokea maagizo 10, mojawapo ni kutokula baada ya adhuhuri. Wengi hukaa monasterini siku chache au wiki kadhaa, halafu wanarudi nyumbani.

Ukikaribishwa, keti chini, nyayo zisielekee sanamu wala mtawa. Mwanamke asimguse mtawa, hata huyo mdogo aliyenyolewa dakika tano zilizopita. Bahasha ya sadaka itoe kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Karamu ni ya wote. Usiyekula nguruwe, kariri neno wettha, yaani nyama ya nguruwe, na mjini tafuta mgahawa wenye namba 786 ukutani, hiyo ni alama ya Waislamu wa huko.

Haya yote yatanguliwe na swali la usalama. Tangu jeshi lilipopindua serikali Februari 2021 kuna mapigano sehemu nyingi, na serikali kadhaa huwashauri raia wao wasiende. Isome bima yako vizuri, baadhi hazilipi nchi yenye onyo kama hilo. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau kadi ya homa ya manjano. Dola ziwe mpya, zimenyooka kama zilizopigwa pasi. Yenye mkunjo au doa la kalamu utarudishiwa.